Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Kiatu kilikuwa mezani kati yao, kipya, cheusi, kimejaa vumbi jeupe mpaka kwenye matundu ya kamba. Kilikuwa cha mguu wa kushoto. Sajini Kosgei alikuwa amekikodolea macho tangu asubuhi na hakikumwambia lolote, akaona heri amuulize mwenye mguu.

"Hiki ni chako?"

Kipkorir alikitazama bila kukigusa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeuacha mguu wake wa kulia Burma akipigania vita ambavyo hata leo hakuweza kukueleza vilihusu nini. Magongo yake yalikuwa yameegemezwa ukutani, mbali naye, kwa amri ya Inspekta.

"Ni changu," akasema. "Lakini sijakivaa."

"Kilipatikana chini ya kitanda chako."

"Nimeambiwa."

"Kina vumbi la machimbo."

"Naliona."

"Basi kilifikaje kitandani kwako?"

"Hilo mimi ndio nauliza wewe, afande."

Jibu kama hilo, kwa mtu ambaye kitanzi kinamsubiri, ni jibu la mpumbavu au la mtu asiye na hatia. Kosgei, kwa miaka yake yote ya upolisi, hajapata kujua namna ya kuwatenga hao wawili kwa kuwatazama usoni.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha kabla ya kuanza. Jumanne asubuhi wafanyakazi wa machimbo madogo ya udongo mweupe, upande wa pili wa barabara kutoka Kariandusi, walimkuta Ngigi amelala chini ya ukuta mrefu, shingo imevunjika, magongo yake yako juu yake. Ngigi hakuwa na mguu wa kushoto. Huko juu, vumbi lilikuwa limehifadhi alama: kiatu cha kulia na magongo, huyo ni Ngigi, na kando yake kiatu cha kushoto na magongo, vyote vikielekea ukingoni. Katika wilaya nzima, mtu wa mguu mmoja wa kushoto aliyejuana na Ngigi alikuwa Kipkorir peke yake. Tena nyapara wa machimbo, Mbuthia, aliapa kwamba jioni ya Jumatatu aliwaona wawili hao wakienda huko pamoja, na ndiye aliyewaongoza polisi mpaka nyumbani kwa Kipkorir.

Sababu nayo ilikuwapo. Kila mwaka kamati ya mabibi wa Nakuru iliandaa michezo ya watu waliopoteza viungo, na mwisho wake ikatoa Ngao ya Moyo. Ngao hiyo haikuwa ya mwenye mbio. Ilikuwa ya yule aliyeonyesha moyo na ustahimilivu kuliko wenzake. Kipkorir alishinda mbio za magongo mwaka baada ya mwaka na hakuwahi kuishika. Mwaka huu ilikuwa ya Ngigi, na angekabidhiwa Jumamosi mbele ya D.C., mkuu wa wilaya. Wivu, akasema Inspekta Hallam, na kwake neno hilo lilimaliza mambo.

"Ulikasirika waliposema Ngao ni ya Ngigi?" Kosgei akauliza.

"Nikasirike kwa nini? Mimi ndiye nilisema apewe. Uliza wale mabibi. Walituuliza sisi wakimbiaji, nikasimama nikasema mimi nilikatwa mguu na daktari, nimelala kwa kitanda. Huyu alitolewa chini ya mawe na akarudi kufanya kazi pale pale, chini ya mawe yale yale. Kama huo si moyo, basi sijui."

Hilo halikuwa limesemwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza.

"Hiki kiatu, basi. Ni chako lakini hujakivaa. Nielezee vizuri."

Kipkorir akamweleza, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwao. Yeye hakuwa na mguu wa kulia na Ngigi hakuwa na wa kushoto, na hakuna duka Nakuru linalouza kiatu kimoja. Basi walinunua jozi moja wakagawana. Mwaka huu mmoja ananunua, mwaka ujao mwenzake. Na aliyenunua ndiye anayepeleka. Huwezi kwenda kwa mwenzako kuchukua cha kwako, maana hiyo ni kama kudai, na wao hawakuwa watu wa kudaiana.

"Mwaka huu ilikuwa zamu ya nani?"

"Ya Ngigi. Aliniambia ameshanunua na ataniletea kabla ya Jumamosi, tusimame mbele ya D.C. na viatu vipya." Akakitazama tena kile kiatu mezani. "Nilimngoja Jumatatu mpaka giza. Chai ikapoa."

"Hukumfuata?"

"Nimekwambia, afande. Haifuatwi."

Kosgei akainama, akafungua kamba za kiatu cha zamani alichovaa Kipkorir, akakivua. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja. Ndani, kwenye ncha ya vidole, palikuwa pameshindiliwa manyoya ya kondoo.

"Na haya?"

"Ngigi ana mguu mkubwa kidogo. Tunanunua saizi yake, mimi najaza manyoya. Nisipojaza, nikirusha mguu mbele kiatu kinaenda peke yake."

Kosgei akaingiza mkono katika kile kipya. Hakikuwa na manyoya. Akakigeuza, na sasa ndipo alipoona kitu ambacho alikuwa amekitazama tangu asubuhi bila kukiona. Ngozi ya nyuma, ile inayoshika kisigino, ilikuwa imelazwa chini, imekunjika. Mtu alikuwa amekivaa kwa kuikanyaga, namna watu wanavyokanyaga kiatu kisichowatosha. Kamba zilikuwa bado zimefungwa kama zilivyotoka dukani.

"Vaa hivi hivi kilivyo," akasema. Akamrudishia magongo. "Tembea."

Kipkorir akasimama, akatupa magongo mbele, akaurusha mwili wake katikati yake. Kiatu kiliruka kabla yake, kikagonga mlango na kuanguka. Mlango ukafunguliwa, na Inspekta Hallam akasimama pale akikitazama kiatu karibu na buti zake.

Kosgei alimweleza yote huko nje kwenye varanda. Hallam alisikiliza akijaza kiko chake.

"Kosgei, mimi iko na shahidi. Iko na kiatu, iko na sababu. Wewe nataka nini tena?"

"Nataka siku ya kesho, Bwana Inspekta."

"Huyu mtu na wewe, kabila moja."

"Ndiyo, bwana. Na shahidi na maiti pia ni kabila moja. Haijamsaidia maiti."

Hallam akamtazama sana. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki yake. Alikuwa mtu aliyependa faili lifungwe kabla ya chai ya saa kumi. "Kesho tu," akasema. "Jumatatu yeye nakwenda kwa hakimu. Na kama wewe nakosa, mimi natoa hiyo mistari kwa mkono yako."

Wamaitha, mjane wa Ngigi, alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake akichambua maharagwe kwenye ungo. Kijiji hicho ni kimoja cha vile vilivyojengwa kwa amri wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zimebanana, handaki kuzunguka, na askari wa hom gadi, walinzi wa upande wa Serikali, langoni. Na mkubwa wa hom gadi hao, kama hukujua, alikuwa Mbuthia, nyapara huyo huyo. Kosgei alipofika yule mama hakuinuka wala hakuacha kuchambua.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa."

"Jumatatu alitoka saa ngapi?"

"Jua likishuka."

"Alibeba nini?"

"Kiatu cha Kipkorir. Nilikifunga kwa kitambaa mimi mwenyewe."

"Kwenda kwa Kipkorir mtu hapiti machimboni, mama. Njia ni nyingine kabisa. Alifuata nini huko?"

Vidole vyake vikasimama. Akaangalia upande wa lango, ambako hom gadi mmoja alikuwa ameketi na mkuki magotini, kisha akaendelea na maharagwe.

"Sijui."

Kosgei akachuchumaa, akaanza kuchambua naye, akitupa mabovu chini. Alijua hofu anapoiona. Hofu ya aina hii haifunguliwi kwa kupigiwa kelele.

"Mimi sikuja kukusumbua," akasema kwa sauti ya chini. "Kipkorir amefungwa. Anasema alimngoja mzee wako mpaka chai ikapoa. Jumatatu anapelekwa kwa hakimu, na wakimaliza naye atanyongwa. Mimi sina kitu mkononi isipokuwa kiatu."

Wamaitha alitenga maharagwe mabovu machache. Aliponena hakuinua kichwa, na mtu akiwa langoni angedhani anahesabu maharagwe.

"Mbuthia alimtumia neno apite machimboni. Alisema anataka kumpongeza kwa Ngao."

"Kumpongeza."

"Mzee wangu hakupoteza mguu kwa bahati mbaya. Ule ukuta ulikuwa umepasuka, wakakataa kuchimba chini yake. Mbuthia akawasukuma kwa kiboko. Ukaanguka. Ngigi wakamtoa. Ndugu yangu Gatheru hawakumtoa." Akapepeta ungo kidogo. "Mbuthia aliogopa tajiri mwenye machimbo akirudi kutoka Ulaya atamfukuza. Akasema Gatheru hakuwa kazini siku ile. Akasema ametorokea msituni, kwa wale wanaopigana na Serikali. Basi tukawa watu wa msituni. Walichoma nyumba ya mama. Mama alikufa akiulizwa mwanawe yuko wapi, na mwanawe yuko pale, nawaona wakikanyaga juu yake kila siku."

"Na Ngigi alinyamaza."

"Ungefanya nini wewe? Mbuthia alimwambia akisema neno moja tu na yeye anapelekwa kizuizini, mguu mmoja au hapana. Hata mimi hakuniambia. Ameniambia Jumapili iliyopita." Sasa akamtazama Kosgei, macho makavu kabisa. "Wale mabibi walimwambia, siku ya Ngao kila mtu atasimama aeleze alivyopata ulemavu wake, D.C. asikie. Akaniambia, Wamaitha, mimi nitasema. Mbele ya watu wengi hivyo hawawezi kunifanya kitu. Alifurahi. Alikuwa anajifunza maneno hapa, anatembea kwa magongo akijisemea."

"Mbuthia alijuaje?"

"Kijiji ni hiki unakiona. Ukuta ni udongo."

Kosgei akasimama, magoti yakalia. Alikuwa na hasira, na alijua hasira si ushahidi. Maneno ya mke wa marehemu, dada wa mtu anayehesabiwa kuwa wa msituni, dhidi ya mkubwa wa hom gadi: Hallam asingeyasikiliza hata nusu. Ilibidi Hallam aone kwa macho yake.

Kesho yake asubuhi walikuwa machimboni, Hallam ameegemea Landrova yake, kiko mdomoni. Alama za Jumatatu zilikuwa bado salama. Kosgei ndiye aliyekuwa amezifunika siku ile ya kwanza kwa makarai yaliyopinduliwa, na mawe juu yake, na watu wakamcheka. Mbuthia alikuja akiwa ndani ya koti la hom gadi, mtu mnene mwenye heshima nyingi.

"Jambo, Bwana Inspekta. Jambo, Sajini."

"Jambo sana, mzee," akasema Kosgei. "Tumekusumbua. Wewe ndiwe shahidi wetu mkubwa, na mahakamani watakuuliza mambo madogo madogo. Ni vizuri tujitayarishe."

"Hakuna taabu."

"Uliwaona kutoka wapi?"

"Pale kwa stoo. Walipita hapa hapa, wawili, wakaenda juu."

"Kipkorir alikuwa anatembeaje?"

"Kama kiwete anavyotembea."

"Hakimu hatatosheka na hilo, mzee. Si ungemwonyesha Bwana Inspekta?" Kosgei akafungua mfuko, akatoa kiatu cheusi, akakiweka juu ya jiwe. Akaleta na magongo, yale ya Ngigi. "Chukua hivi. Hapa vumbi ni zuri. Tembea kama alivyotembea yeye."

Mbuthia akamtazama Hallam. Hallam akatikisa kichwa kumruhusu. Basi akacheka kidogo, cheko la mtu mkubwa anayekubali mchezo wa watoto, akaketi juu ya jiwe na kuvua buti lake la kushoto.

Kosgei alirudi nyuma hatua moja. Hakumwambia afungue kamba wala asifungue. Alisimama tu akiutazama mguu ule mpana.

Mbuthia hakufungua kamba. Aliingiza vidole, akasukuma, na kisigino kikaikanyaga ngozi ya nyuma na kutulia pale pale palipokunjika, kama pametengenezewa yeye. Akasimama. Akaukunja mguu wa kulia nyuma, akashika magongo, akaenda. Hakuruka katikati ya magongo kama Kipkorir. Aliyasogeza mbele kidogo, kisha akaukokota mguu mpaka ukawa sawa nayo, akabana vidole kiatu kisimtoke, akayasogeza tena. Alifika mbali, akageuka, jasho limemtoka.

"Hivyo," akasema.

"Asante, mzee. Baki hapo hapo." Kosgei akaenda kwenye makarai, akaondoa mawe, akafunua la kwanza, akafunua la pili. "Bwana Inspekta, tafadhali."

Hallam akaja. Akatazama alama za Jumatatu: kiatu katikati ya mashimo mawili ya magongo, sambamba nayo, na nyuma yake mfereji mwembamba wa kukokota. Akatazama alama mbichi: kiatu katikati, sambamba, mfereji. Akatoa kiko mdomoni. Akarudi kutazama zile za kwanza.

"Kipkorir anaruka," Kosgei akasema polepole. "Mguu wake unatua mbele ya magongo, kila mara. Hata Ngigi, mtazame hapa, mbele ya magongo. Mtu anayekokota hivi ana mguu mwingine nyuma yake unaomtia uzito. Na kiatu hiki Ngigi alikuwa amekibeba kwenye kitambaa, bwana. Kipkorir hakuwahi kukipokea. Aliyemuua alikivaa, akatumia magongo ya marehemu akayatupa juu yake, kisha akakificha kitandani kwa Kipkorir."

Mbuthia alikuwa bado amesimama juu ya mguu mmoja. Hakuna aliyemwambia aushushe ule mwingine. Aliangalia makarai, akaangalia kiatu mguuni mwake, na ile heshima yote ikamtoka usoni.

"Ngigi alikuwa na maneno mengi," akasema hatimaye. "Miaka yote nimempa kazi. Nimempa posho. Ningeweza kumfukuza. Halafu ati anataka kusimama mbele ya Wazungu."

"Shusha mguu," akasema Hallam. "Konstebo, pingu."

Kipkorir alifunguliwa mchana ule ule. Hallam mwenyewe alimpa magongo yake, jambo ambalo si dogo, na akamwambia kamati imeamua kesho yeye ndiye atakayepokea Ngao kwa niaba ya marehemu. Kipkorir akasema asante. Akauliza kama anaweza kupewa kiatu chake. Akaambiwa hapana, ni ushahidi. Akauliza kile cha kulia je, kile cha Ngigi? Akaambiwa amezikwa nacho. Akatikisa kichwa, akashuka ngazi za kituo taratibu, na ile sauti ya magongo yake ikaenda mpaka barabarani.

"Bwana Inspekta," akasema Kosgei. "Bado yule Gatheru."

"Gatheru iko msituni."

"Yuko chini ya ule ukuta. Mjane anajua mahali."

"Wewe sikia. Mbuthia nasema naua Ngigi. Basi, kesi moja, mtu moja. Serikali nasema huyu Gatheru iko msituni, nachoma nyumba yao kwa sababu hiyo. Sasa mimi naandika kwamba Serikali nachoma nyumba ya bure?" Alifunga faili. Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka tu. "Kesho wewe nakwenda gwaride ya D.C. Piga pasi yunifomu."

Kosgei alipiga pasi yunifomu. Jumamosi akaivaa, akafika mpaka uwanja wa maonyesho, akaona viti vyeupe vimepangwa, mabibi wamevaa kofia, Ngao inang'aa juu ya meza yenye kitambaa cha kijani. Wakimbiaji walikuwa wameketi kwenye benchi, magongo mbele yao. Nafasi mbili zilikuwa wazi. Ya Ngigi aliijua. Alisubiri jina la Kipkorir liitwe, likaitwa, likaitwa tena, na bibi mwenyekiti akaanza kutazama huku na huku kwa aibu. Hapo Kosgei akageuka akaondoka uwanjani, mbele ya Hallam, mbele ya D.C. mwenyewe, na kwa tendo hilo mistari yake ya usajini ilikwisha na yeye alijua.

Lori la viazi kutoka Dundori lilimteremsha karibu na Kariandusi. Machimbo yalikuwa kimya, nyapara hayupo, wafanyakazi wamekwenda makwao. Chini ya ukuta ule ulioanguka zamani Kipkorir alikuwa amepiga goti moja kwenye udongo mweupe, kile kiatu chake cha zamani kimemtoka, anachimba kwa jembe lililofupishwa mpini. Wamaitha alikuwa anabeba udongo kwa karai na kuumwaga pembeni. Wote wawili walikuwa weupe mpaka kwenye nywele. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Kosgei akavua kofia, akavua koti lenye mistari mitatu, akalikunja akaliweka juu ya jiwe. Akachukua sululu iliyokuwa imelala hapo, akaiinua.

"Hapo taratibu, Sajini," akasema Wamaitha. "Ngigi aliniambia kichwa cha Gatheru kilielekea upande huo."